Taa ya AP Darini: Soma Dalili Kabla ya Kupanda Ngazi

Visahani vyeupe vya UniFi, yaani AP (access point, vifaa vya kurushia WiFi), vimejaa kwenye dari za hoteli, shule, zahanati na ofisi, kuanzia Mombasa hadi Mbeya. Kila kimoja kina taa moja tu ya duara, yenye rangi mbili, nyeupe na buluu, na namna yake ya kupepesa. Simu nyingi anazopigiwa fundi zinatokana na kuisoma taa hiyo vibaya. Mmoja huona nyeupe imetulia vizuri akadhani kazi imekwisha. Mwingine huona buluu akaapa kwamba intaneti ipo, tatizo ni simu za wageni.

Buluu haisemi intaneti ipo. Inasema AP ina umeme, imewaka salama, imeshasajiliwa kwenye kontrola (ile programu inayosimamia AP zote) na inaiona rauta ya jengo. Kinachotokea kuanzia rauta kwenda kwa mtoa huduma, taa haikijui kabisa. Ukilishika hilo, nusu ya safari za ngazi utaziepuka.

Kwanza subiri, kisha tazama

AP ikipata umeme huchukua dakika 1 hadi 2 kuamka. Wakati huo nyeupe hupepesa, na hakuna ubaya wowote. Usihukumu kitu kabla ya dakika 3. Kisha itazame taa kwa sekunde 30 kamili, kwa sababu kuna dalili moja inayojitokeza kwa kukatika kidogo tu, na mtu mwenye haraka haioni.

Ramani yenyewe ni hii:

- Nyeupe inapepesa: inawaka.
- Nyeupe imetulia: imeamka, ila haijasajiliwa kwenye kontrola yoyote.
- Nyeupe na buluu zinapokezana: ina kazi ndani, mara nyingi inabadilishiwa fimuwea (programu yake ya ndani). Usiichomoe.
- Buluu imetulia: imesajiliwa na inafanya kazi.
- Buluu imetulia lakini inakatika mara mojamoja: imetengwa, haioni rauta.
- Buluu inapepesa haraka mfululizo: mtu amebofya Locate kwenye kontrola ili kuitambua. Abofye tena itulie.
- Nyeupe, buluu, kuzima, kwa zamu: imeingia hali ya uokoaji.
- Hakuna taa: haina umeme, au taa imezimwa kwa makusudi.

Ukikuta modeli ya zamani yenye duara la kijani na rangi ya machungwa, soma machungwa kama nyeupe na kijani kama buluu. Mengine ni yale yale.

Hakuna taa kabisa

Simama chini yake na simu mkononi. Kama jina la WiFi linaonekana kwa nguvu hapo ulipo na linafifia ukiondoka, AP ni nzima. Taa imezimwa kwenye mipangilio, jambo la kawaida kwenye vyumba vya kulala wageni. Fungua kontrola, chagua kifaa, angalia sehemu ya LED.

Kama jina halionekani, tatizo karibu siku zote ni umeme, na AP yenyewe iwe ya mwisho kushukiwa. Anza kwenye adapta ya PoE, ile inayopeleka umeme kwa AP kupitia waya ule ule wa mtandao. Je, soketi ya ukutani imewashwa? Taa ndogo ya adapta inawaka? Kisha angalia matundu yake mawili. Lile lililoandikwa POE linaenda kwenye AP. Lile la LAN linaenda kwenye swichi ya mtandao au rauta. Kuyageuza ni kosa linalorudiwa kila siku, hasa baada ya mtu wa usafi kuchomoa nyaya na kuzirudisha kwa kukisia. Ni kosa la hatari pia. Baadhi ya adapta humwaga umeme kwenye tundu la POE bila kuuliza, na laptopu au rauta iliyochomekwa hapo inaweza kuungua porti.

Kosa linalofuata kwa wingi ni aina ya umeme kutolingana na AP. AP za modeli ya UAP-AC-Lite za mwanzo zinataka volti 24 zile za moja kwa moja, zinazotoka bila kuuliza. Ukiziunga kwenye swichi ya kiwango cha 802.3af (PoE ya volti 48 inayouliza kabla ya kutoa umeme), swichi huuliza kwanza, haipati jibu, na haitoi kitu. AP hubaki giza ingawa kila kifaa ni kizima. Upande wa pili, UAP-AC-Pro, nanoHD na U6-Lite zinataka volti 48. Ukizichomekea ile adapta ya volti 24 iliyokuwa ya AP ya zamani, haziwaki. Anayebadilisha AP akaacha adapta ya zamani mahali pake hupata kisa hiki bila kukosa. Geuza AP usome lebo ya nyuma, kisha soma lebo ya adapta, volti kwa volti.

Hapa kuna mtego kwa mwenye multimita. Kwenye adapta ya volti 24, ukipima kati ya pini 4 na 5 upande mmoja na 7 na 8 upande wa pili, utaona karibu 24 papo hapo. Kwenye porti ya 802.3af hutaona 48 mpaka kifaa kinachostahili kiunganishwe; utaona volti chache zinazochezacheza wakati swichi inauliza. Usiitangaze imekufa kwa kipimo hicho. Ijaribu kwa kuchomeka AP nyingine iliyo nzima.

Kama umeme unatoka kwenye swichi, angalia pia jumla ya wati. Swichi inayoweza kutoa wati 60 kwa porti zote haitalisha AP 6 za wati 12. Ya sita itabaki giza, au swichi itazima mojawapo kila mzigo unapopanda.

Baada ya hapo shuku waya, na kipimo cha kweli ni kimoja. Iteremshe AP, iunge na adapta kwa waya mfupi wa mita 1 unaojulikana kuwa mzima. Ikiwaka, AP na adapta hazina kosa. Waya uliopita darini ndio wenye shida. Isipowaka, badilisha adapta kwa nyingine ya lebo ile ile. Ikikataa tena, hapo sasa AP imekufa.

Kwenye waya, konekta huharibika kabla ya kitu kingine. Visiwani na kwenye mwambao, pini za RJ45 (konekta ya waya wa mtandao) hushika ukijani kwa sababu ya hewa ya chumvi. Kuzisugua husaidia wiki mbili tu. Kata konekta, rudi nyuma sentimita 3 hadi 5 mpaka upate shaba inayong'aa, kisha bana mpya kwa mpangilio wa T568B: nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kama nyuzi zimeingiwa na weusi hata baada ya sentimita 20, maji yameshatembea ndani ya ganda na waya wote ubadilishwe.

*Simama hapa* ukisikia harufu ya kuungua, ukikuta adapta imevimba au ina moto usioweza kuushika, au ukiona waya wa mtandao umepitishwa pamoja na nyaya za umeme wa nyumba ndani ya bomba moja. Zima soketi na uite fundi umeme. Volti 240 zilizovuja kwenye waya wa mtandao haziui AP peke yake.

Nyeupe inapepesa, inazima, inaanza upya

AP inaamka, inafika nusu ya safari, inaanguka. Wakati mwingine hufika hadi buluu, lakini watu watano wakiingia kwa pamoja inajizima. Tabia hiyo ya kuanguka mzigo unapopanda ni ushahidi kwamba umeme unafika lakini hautoshi.

Mshukiwa wa kwanza ni waya wa bei nafuu. Sokoni zimejaa boksi za Cat6 ambazo ndani yake si shaba tupu bali ni alumini iliyopakwa shaba juu, zinazoandikwa CCA kwa herufi ndogo au zisiandikwe kabisa. Kwarua uzi mmoja kwa kisu: ukiona rangi ya fedha chini ya wekundu, ni alumini. Tofauti yake ni ya kimahesabu. Mita 100 za shaba ya AWG 24 (kipimo cha unene wa uzi), umeme ukienda kwa nyuzi mbili na kurudi kwa mbili, zina ukinzani wa kama omu 9.4. Alumini ya unene ule ule inakaribia omu 15. AP ya volti 24 inayovuta nusu ampia wakati wa kazi itapoteza karibu volti 5 kwenye shaba na zaidi ya 7 kwenye alumini. Kinachobaki hakitoshi, inazima, mzigo unashuka, inawaka tena. Kwa volti 48 mkondo ni mdogo, kwa hiyo hasara huumiza kidogo; ndiyo maana waya ule ule unaweza kuikubali AP moja na kuikataa nyingine.

Hatua za kufuata: fanya kile kipimo cha waya wa mita 1. Ikitulia, pima urefu wa njia nzima ukihesabu na ile mizunguko ya ndani ya dari. Kikomo ni mita 100, na kwa CCA usitegemee hata nusu yake. Kiungio cha katikati, kile kidude cha kuunganishia waya mbili, kiondoe kama unaweza.

Mshukiwa wa pili ni adapta iliyochoka, hasa iliyofichwa juu ya dari chini ya mabati. Mchana joto la pale ni kali, na kapasita za adapta ya bei ndogo haziishi muda mrefu. Dalili yake: AP inaanguka kuanzia saa tano asubuhi mpaka jioni, usiku inatulia. Ihamishie adapta chini, penye hewa.

Wa tatu ni AP inayotaka zaidi ya inavyopewa. Porti ya 802.3af, kiwango cha mwaka 2003, hutoa wati 15.4 na kifaa hupokea kama 12.95. U6-LR na U7 Pro zinataka 802.3at, kile cha mwaka 2009 chenye wati 30 kwenye porti. Usizibanie kwenye swichi ya zamani ukitegemea huruma.

Fimuwea iliyoharibika huja mwisho kabisa kwenye foleni hii, na dawa yake iko mbele kidogo.

Nyeupe imetulia, haigeuki buluu

AP iko tayari, inasubiri kusajiliwa. Kama ndiyo kwanza imetoka kwenye boksi, hiyo si hitilafu. Fungua kontrola, utaiona imeorodheshwa, bofya Adopt, subiri dakika 2 au 3.

Kama jana ilikuwa buluu na leo ni nyeupe, mtu ameibonyeza reset. Muulize mwenye funguo kwa upole. Wengi hudhani reset ni sawa na kuzima na kuwasha, kumbe inafuta jina la WiFi, nenosiri na kila kitu. Kwenye kontrola futa ule usajili wa zamani kwanza, kisha isajili upya.

Shida halisi ni pale kontrola isipoiona AP. Chunguza kwa mpangilio huu:

1. Je, kompyuta yenye kontrola na AP ziko kwenye mtandao mmoja? Laptopu iliyoshika WiFi ya rauta nyingine, au VLAN nyingine (mtandao uliotengwa ndani ya swichi ile ile), haitaona kitu. Ichomeke kwa waya kwenye swichi ile ile.

2. Zuio la Windows (firewall) limefunga njia? Ruhusu porti 8080 ya TCP ambayo AP hutumia kuzungumza na kontrola, na 10001 ya UDP ya kuitambua.

3. AP imepata anwani? Tazama orodha ya DHCP (huduma inayogawa anwani) kwenye rauta. Isipopewa anwani na yeyote, AP hujipa 192.168.1.20. Ipe laptopu yako 192.168.1.10, kinyago (subnet mask) 255.255.255.0, kisha ipigie AP ping, amri ya kujaribu kama kifaa kinajibu. Ikijibu, AP ni nzima na kosa liko kwenye DHCP.

4. Kontrola ni ya zamani kuliko AP? Modeli mpya haitambuliwi na programu ya miaka mitatu iliyopita. Sasisha programu kwanza, ila chukua nakala ya mipangilio kabla ya kugusa.

Yote yakiwa sawa na bado haionekani, iambie AP kontrola iko wapi. Ingia kwa SSH (njia ya kuandikia kifaa amri kupitia mtandao) kwenye anwani ya AP. Jina ni ubnt na nenosiri ni ubnt kwa AP ambayo haijasajiliwa. Andika:

set-inform http://192.168.1.5:8080/inform

Badala ya 192.168.1.5 weka anwani ya kompyuta yako. AP itatokea kwenye orodha, bofya Adopt. Ikining'inia hapo, rudia amri ile ile mara ya pili. Na hakikisha anwani ya kontrola haibadiliki kila kompyuta inapowashwa, la sivyo wiki ijayo AP zitaonekana kwenye kontrola kana kwamba zimekatika wakati WiFi yenyewe inafanya kazi.

AP ya mtumba ni kisa tofauti. Huwaka buluu siku ya kwanza, na muuzaji atakuonyesha buluu hiyo kama hati ya afya njema. Buluu ile ina maana bado ni ya mwenyewe wa zamani. Bonyeza reset kwa kile kipini cha kutolea laini ya simu, ushikilie sekunde 10 AP ikiwa na umeme, mpaka taa ibadilike. Ikirudi nyeupe imetulia, ni yako.

Nyeupe na buluu zinapokezana

Ondoa mikono. AP inaandikwa fimuwea, na umeme ukikatika katikati ndipo inapogeuka kopo. Kazi hiyo kwa kawaida huisha ndani ya dakika 5; ipe 15. Mahali ambapo umeme hukatika bila hodi, usiache kontrola isasishe AP kwa saa inayojichagulia. Zima usasishaji wa kujiendesha, weka swichi kwenye UPS, na ufanye moja moja. Ukianza na zote 12 za hoteli kwa pamoja na umeme ukakatika, utakuwa na 12 za kuokoa.

Dakika 15 zikipita bila mabadiliko, chomoa mara moja tu, subiri sekunde 30, rudisha. Ikikwama pale pale, nenda kwenye uokoaji:

Pakua faili la fimuwea la modeli hiyo hiyo. Jina lake huishia na .bin. Faili la modeli jirani halifai hata kama visahani vinafanana. Ipe laptopu anwani 192.168.1.10, zima WiFi yake na zuio la Windows kwa muda. Unga laptopu kwenye tundu la LAN la adapta, na AP kwenye tundu la POE. Chomoa AP, bonyeza reset na uishikilie, chomeka AP huku bado umeshikilia. Endelea kushika mpaka taa ianze mzunguko wa nyeupe, buluu, kuzima. Mara nyingi ni kati ya sekunde 10 na 25. Achia. Pigia ping 192.168.1.20. Ikijibu, kwenye Windows, baada ya kuwasha kipengele cha TFTP (cha kutuma faili), andika:

tftp -i 192.168.1.20 put jina-la-faili.bin

Faili likishafika, AP itajiandika na kujiwasha yenyewe. Mpaka hapo zinaweza kupita dakika 10, na kishawishi cha kuchomoa ni kikubwa. Vumilia mpaka upate nyeupe imetulia.

Kama taa haiingii mzunguko ule baada ya kujaribu mara tatu, au ping haijibu kwa waya mzima, acha. Kilichobaki ni kuifungua na kuunganisha waya kwenye bodi, kazi ya fundi wa bodi mwenye vifaa vyake. AP ikiwa bado ina dhamana, kuifungua ni kuitupa dhamana.

Buluu inayokatika mara mojamoja

Hii ndiyo inayowapita wengi, kwa sababu ukiitupia jicho utaona buluu. Itazame: imetulia, inakatika kidogo, inarudi. AP imetengwa. Haioni rauta kwa hiyo inazuia majina ya WiFi yasitangazwe, ili simu zisijiunge na mahali pasipo na njia. Mgeni atakuambia "WiFi imepotea", hatasema "haina intaneti". Maneno hayo mawili yana sababu tofauti.

Sababu za kawaida: rauta imezimwa au bado inaamka baada ya umeme kurudi (ipe dakika 5, huenda ikajirekebisha), waya kati ya swichi na rauta umechomolewa, mtoa huduma amebadilisha rauta na mpya ina anwani tofauti, wakati AP ilipangiwa anwani ya kudumu ya mtandao wa zamani. Hiyo ya mwisho hutokea sana na humchosha fundi asiyeuliza "kuna kilichobadilishwa wiki hii?"

Kuna na adui wa ndani. Mtu ofisini ameona WiFi ni dhaifu mezani kwake, akaleta kirauta cha nyumbani na kukichomeka ukutani kupitia tundu la LAN. Sasa kuna wagawa anwani wawili. AP ikichukua anwani kutoka kwa yule wa pili, inaelekezwa kwenye rauta isiyoongoza popote. Dalili: baadhi ya AP ni nzima, baadhi zinakatika, na kesho zinabadilishana zamu. Kwenye simu au laptopu yenye shida, tazama anwani ya geitiwei (ile ya rauta ambayo kifaa kinapitia). Kama si ya rauta yako, fuata waya mmoja mmoja mpaka ukipate.

Sababu za chini zaidi ni VLAN iliyopangwa vibaya kwenye porti ya swichi, au porti ya AP iliyopigwa na radi. Umeme bado unapita kwa hiyo taa inawaka, lakini data imekufa. Tazama taa ya porti upande wa swichi: kama imezima ilhali AP inawaka, na waya umepimwa mzima, porti ya upande mmoja imeungua. Ihamishe kwenye porti nyingine ya swichi ujue ni upande upi.

Buluu imetulia, simu zimeunga, intaneti hakuna

Acha AP. Chomeka laptopu kwa waya kwenye rauta na ujaribu kufungua ukurasa wowote. Ikikataa, piga simu kwa mtoa huduma au angalia kama kifurushi kimekwisha. Taa za AP zitabaki buluu hata deni likiwa la miezi miwili.

Ikikubali kwa waya na kukataa kwa WiFi, uliza kama mnatumia vocha. Ukurasa wa kuingizia vocha hutolewa na kontrola. WiFi ya kawaida huendelea hata kontrola ikizimwa, lakini WiFi ya vocha haiendi. Ile laptopu ya mapokezi iliyofungwa kifuniko saa nne usiku ndiyo iliyowanyima wageni intaneti. Weka kontrola kwenye kifaa kisichozimwa.

Kisha anwani. Rauta iliyopangiwa kugawa anwani 100 kwa saa 24, kwenye mgahawa unaopokea watu 300 kwa siku, itaishiwa mchana. Simu itaandika "inapata anwani ya IP" bila mwisho. Punguza muda wa kushika anwani uwe saa 1 au 2, au panua idadi.

Kuna malalamiko ya pole pole ambayo taa haitakuonyesha kamwe: intaneti ipo, ila haivuki Mbps 95 hata kifurushi kikiwa cha 200. Jozi moja ya nyuzi imekatika au haikubanwa vizuri, AP na swichi zimekubaliana kwa Mbps 100 badala ya 1000. Mbps 100 zinahitaji pini 1, 2, 3 na 6 tu, kwa hiyo kila kitu kinaonekana kizima. Kontrola huandika kasi ya waya kwenye ukurasa wa AP. Bana upya konekta za pande zote mbili kabla ya kumlaumu mtoa huduma.

Baada ya radi, na AP za nje

AP tatu zikizima usiku mmoja wa radi, usichomeke AP mpya kwenye nyaya zile zile asubuhi. Adapta au porti iliyopasuka ndani inaweza kuua na mpya. Jaribu kila kipande kivyake kwa waya mfupi, na vyote vilivyokuwa kwenye njia moja vishukiwe mpaka vithibitike. Kwenye nguzo na minara, wala usipande ukiwa huna mkanda wa usalama na mtu wa chini. Nyaya zinazovuka kutoka jengo hadi jengo zinahitaji kinga ya radi na waya wa ardhini uliopimwa na fundi umeme. Mahali penye radi nyingi ni heri kutumia faiba kwa kipande hicho.

AP ya nje inayowaka nyeupe ikipepesa bila mwisho baada ya mvua, ifungue sehemu ya kuingilia waya kabla ya kitu kingine. Utakuta maji, au sisimizi waliofuata joto wakajenga. Waya uushushe kwanza chini ya tundu kisha uupandishe, ili matone yaanguke kabla ya kufika kwenye konekta.